Kitovu cha Sakafu ya Bibi

Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu nikiwa darasani, hapa Nshambya, watoto wamenizunguka na kila mmoja ana rangi puani. Nikatoka barazani kuipokea. "Dada, Jumamosi njoo nyumbani," akasema. "Fundi wa tailizi ameshafika, tunakusubiri wewe tu." Nikamuuliza mimi na tailizi wapi na wapi. Akacheka. "Nataka pale katikati ya sebule fundi akate vigae, aweke yale mapambo ya Bibi. Wewe ndiye unayeyajua. Uje utuchoree."

Nikasema sawa, nitakuja. Ndugu yangu unayesoma, ungekuwa wewe ungesema nini? Nilirudi darasani nikawaambia watoto wachore chochote wanachotaka, nikakaa kwenye kiti nikiukodolea macho ubao kama mtu aliyefumaniwa.

Jumamosi nikaenda Kagoma. Nyumba ya Bibi niliikuta imevuliwa nguo: mabati ya zamani yameshushwa, milango imeegemezwa kwenye migomba, na sebuleni mafundi wamevunja sakafu yote ya saruji. Chini yake ulikuwa umetokeza udongo wa zamani, mwekundu, bado una unyevu. Harufu yake iliponipanda puani nikaanza kulia. Aibu gani hii, mtu mzima, mwalimu, mbele ya mafundi! Nikasingizia vumbi. Kaka akaniletea maji ya kunawa uso, akaniambia fundi anamalizia kusawazisha, nipumzike kwanza ndipo nichore.

Hebu nikueleze tangu mwanzo, la sivyo utaniona nimerukwa na akili.

Mimi na kaka tulilelewa na Bibi, mama yake Baba. Baba na Mama walikuwa Bukoba mjini kwa ajili ya kazi ya Baba, sisi tukaachwa Kagoma tukue kwenye kibanja, tule ndizi na maharage, tusiwe watoto wa dukani. Enzi hizo nyumba nyingi za kwetu hazikujua saruji. Sakafu ilikuwa udongo ulioshindiliwa, na juu yake zilitandikwa nyasi laini, ndefu, mbichi. Usifikirie zilimwagwa tu kama za zizini! Sisi Wahaya tunasemwa kwa majigambo, na kwa hili acha nijigambe: sakafu ya Bibi ilikuwa inapendeza kuliko zulia lolote nililowahi kulikanyaga. Mgeni alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Kila Ijumaa jioni tulikwenda rweya, ile mbuga iliyo wazi nje ya vibanja, Bibi na mundu wake, sisi na kamba za mgomba za kufungia mizigo. Jumamosi asubuhi nyasi kuukuu zilitolewa zikatandazwa kwenye migomba, sakafu ikafagiliwa na kunyunyizwa maji. Ndipo watoto wa jirani walipoanza kuingia mmoja mmoja, miguu imeoshwa mpaka magotini, maana Bibi alikuwa anakagua. Hakuna aliyewaita. Walikuja kwa sababu palikuwa na kazi tamu, na baada ya kazi palikuwa na ndizi za kuchoma na karanga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unashika fungu la nyasi la kujaa kiganja, unalilaza, kisha shina lake unalifunika kwa fungu linalofuata. Ukilaza upande huu nyasi zinang'aa, ukigeuza upande ule zinaingia kivuli. Kwa kugeuza huko tu, bila rangi wala brashi, Bibi alichora. Wadogo walipewa ukingo wa ukutani, ambako hata ukikosea hapaonekani sana. Wakubwa kidogo, kama mimi na kaka, tulipewa mgongo wa samaki, ile mistari inayokutana na kuachana kutoka mlangoni hadi ndani. Ukikosea hakukwambia umekosea. Alilinyanyua fungu lako taratibu, akakurudishia mkononi, akaendelea na mazungumzo yake. Ungeweza kurudishiwa mara tano. Ukianza kununa alikutania, "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wewe mgongo wako kama wa padri, hauinami!" Watoto wote wangecheka, na wewe ungecheka, na mara ya sita fungu lingekaa.

Katikati, mahali ambapo mistari yote ilikwenda kukutana, palikuwa pa kwake peke yake. Alipaita kitovu. Ikifika zamu ya kitovu alitufukuza wote twende jikoni tukale. "Kitovu hakichunguliwi," alisema. "Nilifundishwa na mama mkwe mikono yangu ilipokomaa, na wewe nitakufundisha yako ikikomaa." Alikuwa ananiambia mimi, kwa sababu nilikuwa mjukuu wa kike mkubwa, na kitovu cha kila nyumba kilikuwa cha nyumba hiyo, hakiendi kwa jirani. Tuliporudi tulikikuta kimeshakaa: kitu cha mviringo, nyasi zimejizungusha na kuingiana, hujui fungu la kwanza ni lipi wala la mwisho limefichwa wapi. Tulikuwa tunapita pembeni, hakuna aliyethubutu kukikanyaga mpaka misa ya Jumapili iishe na wageni wafike.

Basi nikafika darasa la saba, na darasa la saba, unajua tena, mtu anaanza kujiona. Rafiki yangu mmoja wa shuleni, ambaye kwao kulikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu ikang'arishwa, alikuja kunitembelea. Akasimama mlangoni, akaangalia ndani, akaniuliza, "Kwenu mnalala na ng'ombe?" Alikuwa anatania. Lakini nilisikia moto masikioni, na Baba alipokuja mwisho wa mwezi nikamwendea nikamwambia Bibi analalamika mgongo, kuinama na nyasi kila wiki kunamuua. Bibi hakuwahi kulalamika hata siku moja. Niliutunga mwenyewe ule uongo, neno kwa neno, nikiwa njiani kutoka kisimani.

Baba alikuwa mtoto mwema. Alisikia mama yake anaumwa, akahangaika. Bibi alipokwenda kisiwani Bumbire kumwuguza shangazi aliyekuwa amejifungua, Baba akaona hiyo ndiyo nafasi. Likaja gari la mchanga, kokoto na mifuko ya saruji, mafundi wakamwaga zege, wakapiga niru mpaka unaweza kujiona sura. Kaka na mimi tulikuwa tunateleza juu yake na soksi. Nilifurahi, sitakudanganya. Nilitamani rafiki yangu aje tena, aone.

Bibi akarudi na kapu lake la samaki wakavu. Tukajipanga mstari kumpokea, Baba naye yupo, ametabasamu kama bwana harusi. Bibi akavua kandambili mlangoni kama kawaida yake, akaweka mguu ndani, akaurudisha. Sakafu ilikuwa baridi. Kisha akaingia, akatembea polepole hadi katikati, akasimama pale. "Kasinge, mwanangu," akamwambia Baba, yaani asante, na alimaanisha, kwa sababu mtoto akikufanyia kitu unashukuru. Halafu akatugeukia sisi, akauliza, "Na Jumamosi je?"

Jumamosi watoto wa jirani walikuja, miguu imeoshwa. Wakachungulia, wakaona sakafu inang'aa, wakasimamasimama uani kidogo, wakaenda zao. Jumamosi iliyofuata walikuja wawili. Baada ya hapo hawakuja tena, na Bibi akawa anakaa barazani asubuhi yote mikono ameiweka mapajani. Sikuwahi kuona mikono ya Bibi imetulia kabla ya hapo. Niliona, nikaelewa kabisa nimefanya nini, nikanyamaza.

Sasa nikwambie lililo baya zaidi, maana uongo wa mtoto Mungu huusamehe. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo. Bibi aliniita nyuma ya nyumba. Nikamkuta amekaa chini na mzigo wa nyasi mbichi kando yake. Alikuwa ametoka rweya peke yake, na siku hizo alikuwa anatembelea fimbo. Akanishika mikono, akaigeuzageuza kama anayenunua. "Mwana wange," akasema, "imekomaa. Kaa hapa nikuonyeshe kitovu."

Nami, msomi wa kidato cha pili, nikamjibu, "Bibi, sasa tutakiweka wapi? Si kuna saruji?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika! Aliuangalia ule mzigo, akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo alilolisahau. "Kweli," akasema. "Hapana pa kukiweka." Akajiinua kwa fimbo yake, akauburuta mzigo hadi zizini, akampa ng'ombe. Nilisimama pale pale nikimsikia ng'ombe akitafuna.

Alifariki Kwaresima iliyofuata. Niliitwa kutoka shuleni, nikamkuta ameshawekwa kwenye jeneza, chumbani, na uani pamejaa watu. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa mwandani wake wa miaka yote, akasimama katikati ya wanaume waliokuwa wanapanga ratiba, akasema, "Huyu hatalala juu ya saruji. Tandikeni nyasi kwanza, ndipo mumlete sebuleni." Nyasi zikaletwa. Jirani akanitafuta kwa macho, akaniita mbele ya ukoo mzima: "Mwanafunzi wake ni huyu, atandike yeye."

Wakatoka wote, wakaniachia sebule. Nikainama, nikaanza na ukingo. Nikaja mgongo wa samaki, na haki ya Mungu mikono ilikuwa inakumbuka, ilikuwa inakwenda yenyewe huku machozi yananidondoka. Mistari ikaja kutoka pande zote kuelekea katikati, kama inavyotakiwa. Hapo ikagota. Nilijaribu kuzungusha, nikavunja. Nikajaribu tena, nikapata kitu kama kata ya kubebea ndoo. Nje walikuwa wameanza kuimba. Nikakiondoa kile kichekesho changu, nikapaacha wazi, nikafungua mlango. Jeneza likaletwa likawekwa hapo hapo katikati, likapafunika. Wanawake wakapiga makofi ya taratibu kunishukuru. Jirani alinikumbatia, akasema Bibi hajafa, ameniachia mikono.

Tangu hapo nimebeba sifa isiyo yangu. Nimekuwa mwalimu, nafundisha watoto kuchora, na namna ya kufundisha ni ya Bibi tupu: sipigi alama ya kosa, narudisha tu karatasi mkononi, tunaendelea na mazungumzo. Wazazi wananisifu, wanauliza nilisomea wapi. Kila likizo nimekuwa nikienda kwa akina mama wazee, Kagoma na hata nje ya Kagoma, nikiwauliza kitovu cha nyumba yetu. Wananikaribisha, wananipa kahawa ya kutafuna, wanacheka. Cha kwenu tutakijuaje, wananiambia, kila nyumba ilikuwa na chake. Na hata vya kwao wengi wameshavisahau, kwa sababu nao sakafu zao ni saruji, na wajukuu wako Mwanza na Dar es Salaam. Majuto ni mjukuu, walisema wa kale. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe. Zile Jumamosi hazipo, wale watoto ni watu wazima wenye mvi, rweya yenyewe imepimwa viwanja, na mimi nikifumba macho naiona sakafu nzima, fungu kwa fungu, isipokuwa pale katikati.

Basi siku ile fundi akamaliza kusawazisha, akaja na penseli na kipande cha boksi, akanipa kwa adabu zote. "Karibu, mwalimu." Kaka akavuta kigoda, akakaa karibu yangu kabisa, ameegemea mbele kama tulipokuwa wadogo. Alikuwa na furaha. Alisema anataka watoto wake wajue walikotoka.

Nikachora ukingo. Nikachora mgongo wa samaki, mistari ikaja pande zote. Penseli ikasimama.

"Endelea," akasema kaka.

"Sikijui," nikamwambia.

Akacheka, akadhani namtania. Alipoona uso wangu akaacha. Nikamweleza yote pale pale, fundi akisikia: uongo niliomwambia Baba, mzigo wa nyasi, ng'ombe, na jinsi nilivyopaacha wazi siku ya msiba. Sikulia. Nilikuwa nimeshalia asubuhi.

Fundi akajifanya ana kazi nje, akatutoka. Kisha kaka akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo siku ile, pale chini ya jeneza, hapakuwa na kitu?"

"Hapakuwa na kitu," nikamjibu. "Bibi alilala juu ya saruji."