Risiti za Najiat Zilivyoalika Mji Harusini

Saa mbili asubuhi, Mtendeni, Tabora. Najiat Majidi anavuta kiti, anawasha kompyuta, na kabla hajagusa kitu anauliza kwa sauti: "Niko chumbani kwa nani?"

Anajijibu mwenyewe: "Kwa Damas wa vipuri." Ndipo anabonyeza.

Mgeni akimsikia hudhani anasoma dua. Majirani wamezoea. Wanajua swali hilo lilianzia wapi, na mpaka leo wakikumbuka wanashika mbavu.

Kazi ya Najiat, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, ni kutunza mipangilio ya mfumo wa kompyuta unaotumiwa na maduka na vikundi vya wakulima vya Tabora na vijiji vyake. Mfumo ni mmoja, wenye biashara ni wengi.

"Ni kama nyumba ya kupanga," anaeleza. "Paa moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na pazia lake. Huyu anafunga Ijumaa mchana, yule Jumapili. Huyu anapima kwa kilo, yule kwa ndoo. Mimi ndiye ninayetundika mapazia."

Juu ya vyumba vyote kuna ukurasa wa nyumba nzima. Ukiandika kitu pale, kinamshukia kila mpangaji ambaye hajaweka cha kwake. Ubaya wake, ukurasa wa nyumba na ukurasa wa chumba zilifanana kama mapacha. Najiat aliwaomba wakubwa wa kampuni, kule Dar es Salaam, watie ule wa nyumba rangi nyekundu. Wakasema watalitazama. Na wakubwa wakisema watalitazama, ujue wameshafumba macho.

Basi mwaka jana Bi Mwanamkuu, muuza vitenge wa Mtendeni, akawa anamwoza binti yake Siwema. Alitaka siku ya harusi duka lifungwe, wafanyakazi wote wawe jikoni, na wiki ile risiti ziwaalike wateja wake. Akamfuata Najiat ofisini.

Asubuhi hiyohiyo wakubwa walikuwa wameagiza mtindo wa tarehe ubadilishwe kwa nyumba nzima. Najiat alikuwa ndiyo kwanza amemaliza. Bi Mwanamkuu akaketi, soga za harusi zikanoga, na Najiat akaandika maneno ya chini ya risiti huku akicheka, akahifadhi. Hakukumbuka kutoka ukurasa wa nyumba kushuka chumbani kwa mama huyo.

"Jumamosi tunamwoza Siwema wetu," yalisema maneno yale. "Karibuni Mtendeni tule pamoja."

Kule mtaa wa Chemchem mtu akanunua dawa ya kikohozi, akaondoka na mwaliko. Kwa Damas, fundi pikipiki akanunua plagi, akaalikwa. Kijijini Kigwa, wafuga nyuki walipoleta asali kwenye ghala la kikundi chao, kila mmoja alikabidhiwa stakabadhi yenye harusi chini yake.

Najiat alijua kesho yake, Damas alipopita kumuuliza kama avae kanzu au suti. Aliyafuta maneno yale papo hapo, lakini kompyuta haina mkono wa kuingia mfukoni mwa mtu kutoa karatasi.

Simu ya meneja wa kampuni haikukawia. Akasema mpangaji mmoja tu akilalamika, Tabora itanyang'anywa ruhusa na mipangilio yote itafanyiwa Dar. Maana yake Najiat hana kazi, na ile laki nne na nusu kwa mwezi ndiyo inayowalisha yeye na mama yake. Rangi nyekundu meneja hakuigusia. Ndivyo ilivyo: kikombe kikivunjika, anayeulizwa ni aliyekiosha, si aliyekiweka ukingoni.

Najiat akaenda kwa Bi Mwanamkuu. Alimkuta barazani anachambua mchele. Akampa shikamoo, akaeleza yote, akaomba apite biashara kwa biashara kuwarudisha watu nyuma kabla hawajaja.

Mama yule akatupa kokoto moja kutoka kwenye mchele. "Mtu ameitwa kwa jina la mwanangu, wewe ukamwambie asije?" akasema. "Nenda kaazime masufuria."

Jumamosi wakaja. Na kwa kuwa huku mtu aliyealikwa haji mikono mitupu, Damas alikuja na suti yake na gunia la mchele begani. Yule wa kikohozi alileta kuku wawili, na kikohozi chake. Twalibu, kaka wa Bi Mwanamkuu, aliyekuwa amekesha akihofia pilau haitatosha, akaanza kuhofia pa kuweka vyakula.

Adhuhuri ikasimama fuso kutoka Kigwa. Zikashushwa ndoo za asali, kisha matarumbeta ya usharika wa Kanisa la Moraviani. Mzee Ezekia, mwenyekiti wa wafuga nyuki, akauliza aliyewaandikia ni nani. Akaonyeshwa.

"Binti," akasema, "mwenyewe hujaolewa, umeshaalika nchi nzima?"

Uwanja ukaangua kicheko. Matari ya akina mama na matarumbeta ya Kigwa yakasubiriana kidogo kwa adabu, halafu yakaingiliana. Siwema akacheka mpaka wanja ukamchuruzika.

Jumatatu meneja akawapigia wapangaji mmoja mmoja, akitafuta lalamiko. Alilipata. Adriano, mwenye duka la mabati, alikuwa na hasira kwelikweli. Yeye siku zote risiti zake zina maneno yake mwenyewe, kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, kwa hiyo ule mwaliko haukumshukia.

"Wateja wangu wamekosa nini?" alimuuliza meneja. "Pesa zao si pesa?"

Meneja alikosa pa kuliandika lalamiko la namna ile. Ruhusa ikabaki Tabora. Haukupita mwezi, ukurasa wa nyumba ukatiwa rangi nyekundu, na wakubwa wakapongezana kwa ubunifu wao.

Najiat sasa anamfundisha Consolatha, karani wa ghala la Kigwa, ili wafuga nyuki wawe na mtu wao wa kutundika pazia lao. Najiat mwenyewe naye ameposwa. Mzee Ezekia ameshaambiwa, na matarumbeta yanasuguliwa.

"Siku yangu sitauliza niko chumbani kwa nani," anasema Najiat, kidole kikielea juu ya ukurasa mwekundu. "Nitaandikia hapahapa. Na Adriano nitampelekea mwaliko wake kwa mkono."