Jarida Lenye Maandishi Yake

Fundi wa kujalidi vitabu, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, alikuwa na mwiko mmoja wa kazi: hasomi asichopewa asome. Rejista za hospitali, madaftari ya kwaya, hata barua za wapenzi, vyote vilipita mikononi mwake miaka thelathini na tano, na siri zake zikabaki humohumo. "Mimi nashona mgongo," alizoea kusema. "Tumbo la kitabu ni la mwenyewe."

Jumatatu moja bintiye, mhadhiri wa chuo, alimpigia simu.

"Baba, naomba unijalidie jarida langu. Ijumaa linawekwa maktabani."

Gundi alikuwa na kisu mkononi na simu begani. Jarida alilolijua yeye ni lile la picha za mitindo ya nywele, ambalo wateja wa kinyozi jirani hulifunua wakisubiri zamu.

"Jarida lipi, mama?"

"Lile lenye maandishi yangu. Liko hapo nyumbani."

Simu ikazima, chaji kwisha.

Binti alimaanisha jarida la kitaaluma, toleo lililochapisha makala yake ya kwanza kuhusu maradhi ya nyuki. Lakini mkewe Gundi alitembea nalo mkobani akiwaringia majirani mpaka jalada likachakaa kama tambara, na wiki hiyo alikuwa kwa dada yake, nalo lilikuwa naye. Gundi, asiyejua hili wala lile, akaingia chumba cha binti, akapekua kabati, na chini ya shuka akakuta daftari nene lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: JARIDA LANGU. Alilifungua kidogo tu kuhesabu karatasi. Mwandiko ulikuwa wa bintiye. Akaona kazi imepatikana.

Siku tatu alilishughulikia. Alilishona kwa uzi wa katani, akalibana kwenye kibano cha mbao, akalivika ngozi ya kahawia aliyoiwekea akiba kwa kazi ya heshima, kisha akapiga jina kwa herufi za dhahabu.

Ijumaa alivaa koti lake, akalipeleka chuoni mwenyewe. Wahadhiri sita walikuwa wamekaa maktabani. Mkutubi, bwana mmoja mwenye miwani kipajini, alilipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Hii si kazi, ni sanaa."

"Marahaba, mwanangu."

Mkutubi akashusha miwani, akafungua katikati, akasoma kwa sauti: "Leo nimefeli hesabu, lakini nyumbani nimesema mwalimu anaumwa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Binti, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, alisimama mlangoni kama aliyemwagiwa maji.

"Baba," alisema polepole, "hiyo ni shajara yangu ya kidato cha pili."

"Imeandikwa jarida."

"Mzee hajakosea," mkutubi alisema, akijifuta machozi ya kucheka. "La picha ni jarida, la wataalamu ni jarida, na mtoto akiandika ya moyoni naye anayaita jarida. Sisi ndio tulioliachia neno moja lizae watoto wote hao."

Gundi hakucheka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuanika siri ya mteja, na sasa ameanika ya mwanawe.

"Nisamehe, mama," alisema.

Binti alilichukua, akapitisha kidole juu ya mshono. Akapekua kurasa kama anayejua anachokitafuta, kisha akasoma mwenyewe:

"Baba ameshona mpaka akasinzia na sindano mkononi. Siku moja nitaandika kitu ambacho nitamletea akishone."

Gundi akainama kukagua kona ya ngozi, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Lile la nyuki alilijalidi wiki iliyofuata, mkewe alipokubali kwa shingo upande kulitoa mkobani. Na Jumapili binti akaja nyumbani, akawasomea shajara wazazi wake ukurasa kwa ukurasa, ili safari hii baba asikilize kwa ruhusa.

"Mimi simo?" mama akauliza.

"Umo. 'Mama ameimba tena asubuhi. Mbwa wa jirani amehama.'"

Gundi akageuka ukutani, mabega yakimtikisika. Mama akanyoosha mgongo.

"Endelea ukurasa wa pili," akasema. "Pengine ulijirekebisha."

Binti akaufunua. Ulikuwa mbaya zaidi, naye akausoma wote.