Mashine Iliyokuwa Nyepesi Kuitika

Ipo siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na kila nikikusikia unamwambia mtu "usijali, wewe njoo tu", inanirudia. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa mjini, na kompyuta nazo zikaanza kuja kwa mtindo huo huo. Mimi shule niliishia darasa la saba. Mchana nilikuwa nauza duka la mtu mtaa wa Mazwi, jioni napanda baiskeli kwenda mtaa wa Chanji kwenye masomo ya kompyuta ya Mwalimu Apolonia. Mama mstaafu, mtu wa sala, mkali kama baridi yetu ya mwezi wa sita, lakini hakuna aliyemkimbia.

Kompyuta zetu zilifika hazina diski ndani, ile inayotunza kumbukumbu zake. Waliozitoa walizing'oa kabla ya kuzituma. Kompyuta ya hivyo ukiiwasha haijui hata jina lake. Kwa hiyo tulikuwa na mashine moja kubwa, seva, iliyobeba kila kitu, na nyaya zikienda kwa zile nyingine. Kompyuta ikiamka inaita kwenye waya: jamani, mimi ni nani, na kazi yangu nikaichukue wapi? Seva inaitika, inaipa namba yake, inaionyesha faili la kuanzia, nayo inawaka. Mimi na mwenzangu mmoja, Deusi, ndio tulipewa kazi ya kuipanga hiyo seva.

Siku yenyewe akaletwa msichana anaitwa Veridiana, kutoka kijijini Kaoze. Kaka yake alikuja na lori la mahindi, akasimama mbele yetu wote.

"Shikamoo Mwalimu. Nyumbani wanasema mambo haya ni kupoteza muda. Nikimaliza kushusha mzigo napita hapa. Nikikuta anafanya kitu cha maana, atabaki kwa shangazi asome. Nikikuta anakodolea kioo, tunarudi wote."

"Marahaba. Utamkuta anaandika," Mwalimu akamjibu.

Tukawasha. Nyingine zikawaka, nyingine giza. Ya Veridiana giza. Tukazima, tukawasha tena. Safari hii hata zilizowaka mwanzo zikagoma. Nikabadilisha waya. Deusi akanitania, "Dada, hiyo waya umeipigia magoti kwanza? Labda inataka heshima za Kifipa." Watu wakacheka. Veridiana hakucheka. Masikio yake yalikuwa barabarani.

Lori likaja. Kaka akasimama mlangoni, akatazama kile kioo cheusi, akamtazama dada yake.

"Twende."

"Mwache mpaka kesho, baba," Mwalimu akamwomba.

"Mwalimu, si tulikubaliana?"

Veridiana akapiga magoti, akampigia Mwalimu makofi taratibu ya kuaga, kama tunavyolelewa, akatoka. Tukasikia lori linaondoka.

Hapo ndipo nikainama kuyasoma vizuri maandishi madogo yaliyoganda pembeni ya kile kioo cheusi cha Veridiana. Namba iliyopewa haikutoka kwa seva yetu. Nikauliza kwa sauti, "Nani mwingine anaitika humu ndani?"

Deusi akanyoosha kidole kwenye mashine moja ya ukutani. Halafu akasema, "Ni ile ya pembeni pale. Niliipanga nayo iwe inaitika. Seva ikichelewa, niliona si vizuri kompyuta iite halafu pawe kimya."

"Na faili la kuanzia uliliweka humo?"

"Bado. Nilikuwa nije niliweke."

Unaona, mwanangu? Kompyuta ile humwamini wa kwanza kuitika. Seva ina mzigo mzito, wakati mwingine inachelewa kidogo. Ya Deusi haikubeba kitu, ndiyo maana ilikuwa nyepesi kuitika. Wala hakuwa na nia mbaya. Huku kwetu mtu akipiga hodi kwa jirani na jirani hayupo, unaitika wewe, maana kumwacha mgeni aite peke yake ni aibu.

Mwalimu hakupaza sauti. "Deusi baba, mama yako akimwitikia mgeni wa jirani, anafanya nini?"

"Anamtolea kigoda. Anampa maji."

"Na kama maji hana?"

"Anamwambia, mwenyewe ameenda shamba."

"Basi. Wewe umesema karibu, na ndani hamna kitu. Ungekaa kimya, ile kompyuta ingengoja, ingeita tena, ingempata mwenye nacho. Yule binti ameponzwa na ukarimu wako."

Deusi akachomoa waya ya mashine yake. Tukawasha upya, zikawaka zote. Hata ile ya Veridiana, ikawa inangoja mtu aandike jina. Hakuna aliyekwenda kukaa pale. Tukasali, tukatawanyika. Veridiana sikumwona tena.

Ahadi ni deni, hilo umelisikia tangu utotoni. Mimi nakuongezea hili: mwenye shida hana nafasi ya kuchagua, anamfuata wa kwanza kumwambia ndiyo. Ukimwitikia na huna, hujamnyima cha kwako tu. Umemziba asimfikie aliyekuwa nacho. Sema "sina", mwanangu. Sema "ngoja nikaulize". Mwonyeshe mlango wa mwenye nacho, hiyo nayo ni heshima. Na siku shida ikiwa yako, anayekuitika upesi sana mtazame kwanza amebeba nini. Kawia ufike.

Mungu akujalie ulimi mzito wa kuahidi na mkono mwepesi wa kutimiza. Akutangulie uendako. Na yule Veridiana, popote alipo, Mungu awe alishamfungulia mlango mwingine. Amina.