Tangi Nililolisugua

Tangi la bati la kunyweshea ng'ombe tulilinunua kwa mfugaji wa milimani, na mke wangu akafugia samaki humo, nyuma ya nyumba yetu hapa Kilibula. Majirani walicheka: "Mzee, ziwa iko pale, weye unafuga samaki mu maji chafu ya ng'ombe?"

Mke wangu alipokwenda Lubarika kuvuna mahindi, aliniachia neno moja: "Baba, usiguse ile ute ya kijani mu tangi. Ndiyo inalinda samaki na sumu ya bati."

Sikutulia. Nimekulia ziwani, ambako sufuria husuguliwa kwa mchanga. Niliwahamishia samaki ndooni, nikasugua tangi mpaka likang'aa, nikajaza maji mapya ya bomba, nikawarudisha. Asubuhi walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Aliporudi nilimwambia ni jua lililowaua. Alipitisha kidole kwenye bati.

"Jua inajua kusugua," akasema.

Alinunua wengine. Ute umeota tena, nao wananenepa. Lakini mimi kila nikikaa nainuka, nalizunguka tangi, mikono mgongoni. Yeye hunitazama kutoka dirishani, akingoja. Ni mimi niliyewaua, na mpaka leo sijalitamka neno hilo mbele yake.