Nafasi Mbele ya Jukwaa

Shangazi yangu Zunilda alifanya kazi miaka ishirini na mitano kwenye dirisha la kuhifadhi mizigo, pale stendi kuu ya mabasi ya Encarnación, kwetu Paraguay. Watu walimwachia mabegi yao, wakazunguka mjini, wakarudi, wakapanda basi. Yeye alibaki. Mwaka 1994 kuna abiria aliacha begi asirudi tena, na mwaka ulipopita bila mtu kulidai, mkuu wa stendi akaruhusu lifunguliwe. Ndani mlikuwa na suruali mbili, mashine ya kunyolea ndevu, na kaseti ya Tren Quemado, yaani Treni Iliyoungua, bendi ya roki ya Waajentina. Suruali alizichukua mfagizi. Shangazi akachukua kaseti.

Alikuwa na miaka ishirini na sita wakati huo. Angeweza kuolewa, na waliomtaka walikuwepo, lakini bibi yangu Cirila, mama yake, alikuwa amepooza upande mmoja na hakukubali kuguswa na mtu mwingine. Shangazi alivuka daraja kwenda Posadas, upande wa Ajentina, kununua dawa tu, na kabla ya chakula cha jioni alikuwa amesharudi. Bendi ilipiga muziki katika miji ya mbali kule Ajentina, mara mbili au tatu kwa mwaka, na mashabiki walisafiri siku nzima kuifuata. Yeye alisikia habari zao kwenye redio ya ng'ambo.

Tuliokuwa tukienda pale nyumbani tuliijua tabia yake. Siku ya onyesho, saa ile ile bendi inapopanda jukwaani, Shangazi alifunga mlango wa jikoni, akaweka kaseti, akakaa kwenye kigoda na kufumba macho. Bibi alikuwa akimwita hata mara kumi asiitikie. Kaseti ikisha alitoka, miguu imemvimba, amechoka kama aliyetembea.

"Ulikuwa wapi?" Bibi alimuuliza siku moja nikiwa pale.

"Jikoni, mama. Ningekuwa wapi?"

Bibi alimtazama miguu, akageukia ukutani.

Bibi alifariki mwaka 2016. Miezi kumi baadaye Shangazi alinijia na tiketi mbili za Tren Quemado, mjini Concordia, mwezi wa sita. Alisema hataki kwenda peke yake kwa sababu hajui kulala kwenye basi. Mimi roki yenyewe hata siipendi. Lakini nilimwona alivyokuwa amezishika zile tiketi, nikakubali.

Tulifika Concordia asubuhi, baridi kali na ukungu umetanda. Onyesho lilikuwa kwenye uwanja wa mbio za farasi nje ya mji. Kutwa nzima watu walimiminika, wakatundika mabango ya shuka yenye majina ya miji yao, wakawasha mikaa, wakachoma soseji, wakazungusha pombe katika chupa za plastiki zilizokatwa vichwa. Shangazi alitembea katikati yao amekumbatia mkoba wenye chipa zetu, mikate midogo ya jibini, anatabasamu kama msichana. Alinong'ona kwamba kila kitu ni kama alivyodhani, hata harufu.

Hapo ndipo mwanamume mmoja wa makamo, miguu imepinda kama upinde, alipoacha jiko lake na kutujia. Jina lake sikulijua kamwe. Wote walimwita Chueco, yaani Matege.

"Mama wa Encarnación," alisema. "Leo umevaa viatu. Maajabu hayo."

Wenzake wakacheka. Shangazi naye akacheka kwa adabu, akadhani ni mzaha ambao Waajentina huwafanyia Waparagwai. Akamwambia kwamba amemfananisha na mtu, kwamba hii ndiyo mara yake ya kwanza.

"Haya, na sauti pia anayo," Chueco akasema, lakini safari hii hakucheka. Alimkazia macho. "Mama, usitutanie. Tumesimama na wewe tangu onyesho la Villa María."

Nilimuuliza ana maana gani. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na albamu ya picha, ya kawaida tu, kama za harusi. Kila onyesho alikuwa amepiga picha za kundi lake pale mbele, kwenye uzio wa chuma chini ya jukwaa, na nyuma ya kila picha ameandika mji na mwaka. Akatufungulia moja baada ya nyingine. Mwaka 1998. Mwaka 2001. Mwaka 2003. Kati ya vijana waliolowa jasho, midomo wazi, mikono juu, alisimama mwanamke mmoja ameshika uzio, mdomo umefungwa, macho yamefumbwa. Amevaa aproni na kandambili.

Alikuwa Shangazi. Sisemi alifanana naye. Aproni ilikuwa na jina la duka la mikate la mtaani kwetu, na chini yake neno Encarnación, ndiyo maana wakamwita hivyo. Kwenye picha za zamani ilikuwa nzima. Kuanzia 2005 ilikuwa na alama ya kuungua pembeni, na alama hiyo naijua, kwa sababu mwaka huo mimi mwenyewe nilisahau pasi juu yake.

Chueco alitusimulia kwa sauti ya chini. Alisema huyo mama hakuwahi kusema neno wala kuimba. Hakuna aliyemwona akiingia wala akitoka. Mwaka mmoja kule Tandil theluji ilikuwa ikidondoka, wakamwonea huruma kwa zile kandambili, mmoja akamvisha koti. Wimbo wa mwisho ulipoisha, koti lilikuwa chini, vifungo vyote vimefungwa. Tangu hapo waliiacha nafasi yake uzioni, hatua moja kila upande, na hakuna aliyeikanyaga.

"Hatukuogopa," alisema. "Tuliona anatuletea heri. Ila leo ndiyo naogopa."

Shangazi aliifunga albamu, akauliza kama anaweza kupata maji, akanywa, akaketi kwenye kreti tupu ya bia. Nilimwambia twende stendi tukapande basi la kwanza. Akatikisa kichwa. Alisema ameingoja siku hii nusu ya umri wake, na kama kuna mtu amekuwa akija badala yake, basi ni haki yake ajue.

Saa kumi na moja unusu tulisogea mbele pamoja nao. Uwanja ulikuwa umejaa hadi kwenye miti, watu wamebanana wasipate hata pa kuinua mkono, lakini pale kushoto kwa jukwaa palikuwa na pengo kwenye uzio, la upana wa mtu na ziada kidogo. Hakukuwa na kamba wala alama. Watu walisukumwa, wakayumba, na lile pengo halikuguswa. Nyasi zake zilikuwa bado zimesimama.

Shangazi alisita ukingoni.

"Nikiingia humo," aliniuliza, "na yeye akija?"

Nilimshika mkono, tukaingia wote wawili.

Taa zikawaka, ngoma zikaanza, na ardhi yote ikaruka. Shangazi aliimba. Aliimba kwa sauti ya kukwaruza nisiyowahi kuisikia, maneno yote, hakukosea hata moja, machozi yakimtiririka. Chueco alisimama bila kuruka, anamtazama mdomo. Nami nikaanza kujiambia kwamba mambo haya yote yatakuwa na maelezo yake.

Kwenye wimbo wa nne alifumba macho. Mara ile ile mkono wake mkononi mwangu ukapoa, ukalowa, na nikasikia harufu ya sabuni ya vyombo. Nilitazama. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka vidoleni mwake. Nikamvuta, nikamtikisa kwa nguvu, akafumbua macho.

"Mama ananiita," alisema.

"Bibi amekufa, Shangazi."

"Najua." Akaufuta mkono kwenye suruali yake. "Usiniache nifumbe macho tena. Nifinye. Hata nikikutukana, nifinye."

Basi nikamfinya. Saa mbili nzima nilisimama nyuma ya Shangazi yangu, na kila kope zilipoanza kulegea nilimfinya mkono, bega, shavu. Alinitukana kweli, kwa Kiguarani, lugha ya kwetu, matusi nisiyodhani anayajua. Lakini aliliona onyesho lote kwa macho yake, mpaka mpiga ngoma alipotupa fimbo zake kwa watu. Asubuhi alikuwa na alama za bluu mwili mzima, na akazionyesha kwa fahari kwa mwanamke tuliyekaa naye karibu kwenye basi.

Chueco alitaka kumpa albamu. Alikataa. Alimpa namba yangu ya simu, akamwomba yeye na wenzake wasiwaambie watu.

Mwaka uliofuata bendi ilipiga Córdoba, na Shangazi hakupata ruhusa kazini. Siku hiyo alikuja kwangu mapema, akaniomba nizime redio na nisimwache akae kimya. Tulicheza karata, tukamenya mihogo, tukamsema kila jirani. Kama saa kumi na mbili hivi simu yangu iliita. Alikuwa Chueco, na nyuma yake nilisikia ngoma.

"Shangazi yako yuko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia yuko mbele yangu, anachanganya karata.

Nilimsikia akiwaambia wenzake wasisogelee uzio. "Una hakika?"

"Ananitazama sasa hivi."

"Basi," alisema. "Basi, hakuna neno." Akakata.

Shangazi aliuliza ni nani. Nilimwambia mtu amekosea namba. Alinitazama, akaendelea kugawa, lakini macho yake hayakuondoka kwenye simu yangu.

Siku ya pili alikwenda kwa mkuu wa stendi kuomba kustaafu mapema. Tangu hapo hajakosa onyesho hata moja. Mimi naenda naye, na kucha zangu sizikati.