Siku Tuliyouficha Msitu

Simpendi mtu anayekuja na daftari. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anamsikiliza nani. Kwetu, upande wa Mugango, futikamba na daftari viliingia pamoja wakati wa operesheni ya vijiji, na muda si mrefu mama alikuwa ameketi juu ya mzigo wake kando ya barabara, nyumba yake ameiacha mlimani haina paa. Tangu hapo mtu akipima kitu chetu, roho haitulii.

Kwa hiyo, miaka ile ya foleni za sukari, nilipomwona Bwana Miti kutoka Musoma anakokota baiskeli yake kuteremka mtoni, nilijua amefuata bustani ya mama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani nangoja kazi. Bustani yenyewe ilikuwa matuta machache ya viazi, mchicha na nyanya, ukingoni kabisa mwa mto, penye chemchemi ndogo. Duka la kijiji lilikuwa tupu. Baba alikuwa amefariki. Tulichokula na tulichopeleka gulioni Nyegina kilitoka pale, na hatukuwa na pengine.

Bwana Miti alikuwa mpole, jambo lililozidi kunitia shaka. Alisema kingo za mto zinabomoka kwa sababu msitu umekwisha, na serikali inataka kuurudisha. Haitaki kuleta miti ya kigeni. Inataka ile ile iliyokuwepo, na wenyeji ndio watakaoichagua.

"Sasa mama, zamani hapa palikuwa na miti gani?"

Mama alikijua Kiswahili vizuri tu, alikuwa akipatana bei nacho kila siku ya gulio. Siku hiyo hakukijua. Alinigeukia, tabasamu la kumkaribisha mgeni bado liko usoni, akaniambia kwa Kijita nimjibu kwamba hapakuwa na msitu.

Niliielewa hesabu yake bila kuelezwa. Mti wa porini ulikuwa wa serikali, kuugusa mpaka kibali. Mti ulioupanda kwa mkono wako ulikuwa wako, na pale uliposimama pakawa pako. Hata ndugu wakigombea shamba, swali la kwanza kwetu lilikuwa nani alipanda. Tukikiri kwamba palikuwa na mikuyu, kesho tungeambiwa hapa ni msitu, tokeni.

"Anasema hapakuwa na miti," nilitafsiri. "Matete tu na majani."

Bwana Miti aliinua majani ya viazi kwa ncha ya kiatu. Chini yake kulikuwa na kisiki cha mkuyu, kipana kama kitanda. Mkuyu wenyewe ulikuwa umekatwa na wakaushaji wa sangara waliotaka kuni, kama mingine yote.

"Na hiki?"

"Hicho kililetwaga na mafuriko," mama alijibu kwa Kiswahili, kabla sijafungua mdomo.

Bwana Miti alicheka, nami nilimchukia kwa kicheko kile. Nilidhani amekwisha kutukamata na anatuchezea tu. Akaandika, kisha akauliza kama tungependa kupanda miti gani. Mama alisema mikaratusi.

"Mkaratusi unakunywa maji, mama."

"Unamsikia?" mama aliniambia kwa Kijita. "Anatutisha ili apande ya kwao."

Bwana Miti hakutubishia. Baadaye nilikuja kusikia kwamba wenye bustani wote, mpaka kule juu mto unakotokea upande wa Butiama, walimjibu vivyo hivyo. Habari zake zilikwenda mbio kuliko baiskeli. Kwa kuwa taarifa yake ilisema msitu haukuwepo, miche ya mikaratusi ikaletwa, tukaipanda mistari miwili, na mama akaizungushia miiba. Alifurahi sana siku ile. Aliimba akipalilia.

Miti ilistawi. Biashara zilipofunguliwa na maduka ya Musoma yakajaa mitumba na sabuni za rangi zote, wajenzi walikuja kutafuta nguzo, na nikaanza kuamini kwamba mama alikuwa amewashinda. Mimi nilikuwa nimepata kazi mjini, nikija nyumbani mara moja moja. Kila nikija nilikuta chemchemi imerudi chini. Kwanza mama alichota kwa kikombe. Halafu akachimba. Halafu akawa anabeba maji kutoka mtoni kumwagilia mchicha, mwanamke wa umri wake. Mvua kubwa zilipokuja, ukingo ukaanguka, matuta yakaenda na maji, na mikaratusi ya mstari wa mbele ikaenda nayo. Hatukusema neno kuhusu Bwana Miti. Tulilaumu mvua.

Miaka mingi baadaye, binti wa mradi wa kurudisha miti alikuja kwa gari kutoka Bunda wakati matuta yaliyobaki yalikuwa manne. Na yeye alikuwa na daftari, na swali lilikuwa lile lile. Mama alikaa kwenye kigoda, macho yameshaingia ukungu, akamjibu kwa Kiswahili safi bila kunigeukia. Kwenye kisiki palikuwa na mkuyu. Chini yake, mzambarau mwitu, huo ndio uliokuwa ukitunza chemchemi. Migunga pale kwenye kona. Mvule mmoja tu. Alikuwa akinyoosha fimbo kwa kila mti, naye haoni hata fimbo.

"Nirudishieni hiyo," alisema. "Hii ya kwangu ing'oeni."

Binti alinivuta pembeni. "Dada, samahani. Taarifa ya zamani ofisini inasema hapa hapakuwa na miti kabisa. Mto mzima wanasema hivyo. Na wazee wakisikia miche ya bure, wanatajaga chochote. Ile taarifa nani aliitoa?"

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyetafsiri."

Nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, na uso wake wenye shaka niliutambua, maana ndio niliokuwa nimemvalia Bwana Miti. Aliniambia atapita kwanza kwa majirani. Nilijua majirani watamjibu nini. Hao walikuwa bado na bustani za kulinda. Nilirudi kwa mama nikiwa na aibu ambayo sijaisahau.

"Ameandika?" aliuliza, kwa Kijita.

Daftari lilikuwa kwapani, limefungwa, na binti alikuwa anaingia langoni kwa jirani.

"Ameandika yote, mama."