Goti la Mke Wangu na Salamu za Suguti

Kwetu sisi mwanamke humsalimia mama mkwe wake kwa kupiga magoti. Mke wangu hajawahi kulilalamikia jambo hilo, na kwa mama yangu alilifanya kwa furaha. Tukifika kwake Suguti, kabla hata sijashusha mizigo, yeye yuko chini mlangoni, amemshika mama mikono yote miwili, wanaulizana habari za nyumba, za ng'ombe na za mihogo mpaka njaa inaniuma.

Kisha goti lake la kulia likaanza kuvimba.

Hapa Nyasura kila jirani ni daktari. Walikubaliana kwamba mafuta ya goti yamekwisha na dawa yake ni bamia. Tukala bamia za kuchemsha, bamia kwa sato, bamia kwa dagaa, hadi nikawa nasogea mezani kwa huzuni. Uvimbe uko palepale. Mwishowe uvumilivu ukanishinda, nikampeleka hospitali Musoma.

Dada wa mazoezi ya viungo alituuliza kama huwa tunakula nyama ya mfupa. Swali gani hilo la kumuuliza mtu wa Mara? Akasema kile cheupe cha kuteleza kwenye ncha ya mfupa, ambacho sisi hutafuna, ndicho gegedu, na gegedu la mke wangu limelika. Halitarudi kama zamani. Bamia ni mboga nzuri, ila haifiki huko. Lakini misuli ya paja ikipata nguvu na uzito ukipungua kidogo, maumivu hupungua na mtu akaishi vizuri. Asiache kutembea. Aache kuchuchumaa na kupiga magoti.

Mke wangu aliitikia yote, isipokuwa hilo la mwisho.

Nyumbani alikuwa mwanafunzi hodari. Asubuhi alikaa kitini, kifuko cha mchanga kimefungwa mguuni, akaunyoosha mguu, akaushikilia, akaushusha taratibu. Nilimjengea jiko lililoinuka ili asiiname. Jioni tulitembea pamoja, na kitambi changu kikafaidika bila kuandikiwa na daktari. Baada ya muda akawa anapanda ngazi za kanisani bila kushika ukuta. Nilifurahi sana kumwona.

Ila Suguti hakwenda. Kila nikimwambia twende, ana sababu: kikundi cha akina mama, mvua, nguo za kufua. Alituma sukari, alituma kitenge. Nilipombana akasema wazi, "Nitamsalimiaje mama nimesimama kama askari? Heri asinione kabisa kuliko aone nimeota kiburi."

Nikasema nitamweleza mama kwa simu. Akanikataza, eti itaonekana ni kisingizio. Hasira zilinipanda, nikatoka nje kupunga upepo.

Mama naye, kila akipiga simu, akaacha kumuulizia mke wangu. Aliulizia watoto, aliulizia mpaka kuku, yeye akamruka. Hilo lilinitisha. Nilipomweleza mke wangu, aliinuka akaenda kutoa kitenge chake cha safari.

Tulimkuta mama ameketi kwenye mkeka barazani, anachambua maharage. Mke wangu alisimama mbele yake, akajaribu kushuka, goti likagoma katikati, nikamdaka kiwiko. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Shikamoo mama," alisema. "Siwezi kushuka. Goti limeharibika, hospitali wamenikataza."

Mama aliacha maharage.

"Kumbe ni goti," alisema. "Mimi nilikuwaga nakaa hapa, natafuta nilikukosea wapi."

Mama akaniagiza kiti. Mke wangu hakutaka kukaa juu na mkwe wake yuko chini, lakini mama akamwambia akae, asimchoshe. Alipokaa, mama akajivuta kwenye mkeka mpaka miguuni pake, akaweka kiganja juu ya goti la kushoto.

"Ndo hii?"

"Ni hilo lingine, mama."

Akauhamisha mkono, akauacha hapo.